UTV mpya ya umeme haichaji? Anzia ukutani, betri iwe ya mwisho

Wakuu, kama una hizi UTV za umeme, vile vigari vya porini vya viti viwili au vinne vyenye kipakizi nyuma, halafu jioni umechomeka chaja na asubuhi umekuta asilimia ziko palepale, soma hii yote kabla hujaruhusu fundi yeyote ashike spana. Nimeiandika kwa mazingira yetu ya Dodoma, yaani vumbi la Bahi na Chamwino, umeme wa mwisho wa laini kule mashamba ya zabibu ya Hombolo na Mpunguzi, jua la Oktoba, panya wa stoo ya alizeti, na mvua zetu za kuanzia Desemba ambazo zikiamua kushuka zinashuka zote siku moja. Ukiwa na kwadi ya umeme au pikipiki kubwa ya umeme ya porini mengi humu yanakuhusu pia.

Msimamo wangu ni kwamba kwenye chombo kipya betri ndo ya mwisho kushukiwa. Watu wanaanza nayo kwa sababu ndo ghali na ndo inatisha, ila umeme mpaka uifikie betri unapita soketi, plagi, waya, chaja, mdomo wa kuchajia, kontakta (ile swichi kubwa inayounganisha betri kuu na mfumo) na BMS (ile kompyuta ndogo inayolinda betri), na pembeni kuna betri ndogo ya 12V ambayo bila yenyewe hamna kinachoamka. Kila kimoja hapo kinasumbua haraka kuliko betri kubwa. Kwa hiyo tunafuata njia ya umeme toka ukutani tukielekea ndani, na haturuki hatua hata kama una uhakika sana na jambo fulani.

Vifaa: maltimita ya kawaida ya kwenye maduka ya umeme mjini, tochi, brashi laini kavu, simu ya kupigia picha, na kitabu cha chombo. Basi.

Kwanza usalama, kwa kifupi

Ukiona waya mnene wa rangi ya machungwa, huo ni wa volti kubwa, hauguswi, haufunguliwi, hata kama binamu yako ni fundi wa redio. Mifumo ya 48V na 72V watu wanaidharau kwa sababu haikurushi kama umeme wa nyumbani, lakini spana ikigusa nguzo mbili za betri hizo inayeyuka mkononi, kwa hiyo vua pete na saa ya chuma. Na ukikuta betri imevimba, inanuka kemikali, inatoa moshi au inafoka sauti, hapo hamna kupima tena. Chomoa ukutani ukiwa salama kufanya hivyo, watu na mizigo wakae mbali, kama bado haijaanza kutoa moshi kisukume chombo nje mahali pa wazi, mpigie muuzaji.

Hatua ya 1: Jua una betri gani

Angalia stika ya betri na stika ya chaja, zipige picha zote mbili. Kuna za asidi, hizi mafundi wanaita betri za maji au betri kavu kama zimezibwa, kawaida ni kadhaa za 12V zimeungwa mfululizo, sita zinakupa 72V na nne zinakupa 48V. Halafu kuna lithiamu, nazo ziko za aina mbili zinazotumika sana: LFP, ambayo kila seli ina volti 3.2 za kawaida na inajaa kwenye 3.65, na NMC ambayo seli inajaa kwenye 4.2. Hii sio elimu ya kujionyesha, utaihitaji huko chini, maana pakiti mbili zinaweza kuitwa "72V" zote lakini moja ya LFP yenye seli 24 inajaa kwenye 87.6V na nyingine ya NMC yenye seli 20 inajaa kwenye 84V. Chaja ya moja ukiichomeka kwa nyingine kwa sababu tu plagi imeingia, umetafuta moto.

Kwenye stika ya chaja tafuta mstari wa umeme unaoingia. Ukisoma 100-240V 50/60Hz uko sawa kabisa. Ukisoma 110V au 120V peke yake, chaja hiyo ni ya soko la Marekani, usiichomeke kwenye soketi zetu za 230V hata kwa kujaribu.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli haichaji

Kuna malalamiko mengi ya "haichaji" ambayo ukiyafuatilia unakuta inachaji, ila taratibu, au imeambiwa isichaji. Fungua programu ya simu kama chombo kinayo, angalia kama kuna ratiba ya kuchaji usiku tu, au kikomo cha asilimia 80. Vyombo vingine vinatoka kiwandani na kikomo hicho kikiwa kimewashwa.

Afu piga hesabu. Chukua ukubwa wa betri kwa kilowati-saa, gawanya kwa nguvu ya chaja kwa kilowati, ongeza kama asilimia 10 hadi 15 za kupotea njiani. Betri ya 15 kWh na chaja ya 3 kW ni masaa matano na nusu hivi toka sifuri. Betri hiyohiyo na chaja ya 1 kW ni zaidi ya masaa kumi na sita, sasa kama umechomeka saa tatu usiku ukachomoa saa kumi na mbili asubuhi, unashangaa nini? Na ile sehemu ya mwisho kuanzia 90 kwenda juu huwa inajikokota kwa makusudi kwa sababu chaja inapunguza ampea na BMS inasawazisha seli, kwa hiyo kukaa kwenye 99 muda mrefu sio ugonjwa.

Kuna kipimo kizuri sana ambacho kila mtu anacho na hakitumii: LUKU. Zima friji, pasi, pampu, kila kitu, andika uniti zilizobaki, chomeka chombo peke yake kwa nusu saa, angalia tena. Chaja ya 3 kW lazima iwe imekula kama uniti moja na nusu, ya 1.5 kW kama robo tatu ya uniti. LUKU ikiwa haijasogea, tatizo liko upande wa ukuta, chaja au mawasiliano, na betri hata hatujaifikia. LUKU ikiwa imekula vizuri lakini asilimia hazipandi, hapo chaja inafanya kazi, kuna shida ya kuhesabu kwenye dashibodi au kitu kinavuja, ruka hadi hatua ya 9. Na kama imekula kidogo tu tofauti na hesabu, basi umeme unakabwa mahali, endelea na hatua inayofuata. (Kwa walio kwenye kundi la D1 la TANESCO, lile la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, jueni kabisa kwamba chombo hiki kitawatoa humo, betri ya 15 kWh ukiijaza mara tano tu kwa mwezi umeshapita 75.)

Hatua ya 3: Soketi, waya, na umeme wenyewe

Hapa ndo nitakaa, kwa sababu hapa ndo penye shida nyingi za mashambani.

Pima volti kwenye soketi chaja ikiwa haijachomekwa. Afu chomeka chaja ianze kufanya kazi, upime tena kwenye soketi ya pembeni ya waya huohuo. Namba ya pili ndo yenye maana. Umeme wetu ni 230V, asilimia kumi chini ya hapo ni 207. Ukikuta 228 bila mzigo halafu 190 ukiweka mzigo, chaja nyingi zitajizima, zitawaka na kuzima, au zitapunguza kasi. Mtu anaona taa nyekundu anasema chaja mbovu, anaagiza nyingine, na nyingine nayo inafanya vilevile.

Sababu ya kwanza ya kushuka hivyo ni ekstensheni. Tuseme nyumba iko hapa na banda la chombo liko mita 50 huko, umevuta waya mwembamba wa 0.75 ule wa kuchajia simu na kuwashia tivii. Waya huo ukipitisha ampea 13 unapoteza volti zaidi ya 30 njiani. Waya wa 1.5 kwa umbali huohuo unapoteza kama 16, wa 2.5 unapoteza kama 10. Hizo volti zinazopotea haziendi mbinguni, zinageuka joto kwenye waya, na kama ekstensheni yenyewe imeviringishwa kwenye gurudumu lake joto linakaa humohumo mpaka plastiki inalainika. Kwa hiyo: waya wa 2.5, shaba halisi, uliokunjuliwa wote, au bora zaidi fundi avute laini ya kudumu mpaka bandani yenye breka yake.

Sababu ya pili ni mwisho wa laini. Kama transfoma iko mbali na wewe ndo nyumba ya mwisho, jioni watu wakiwasha mataa na mashine ya kusaga ikiwa inaunguruma, unapata mabaki. Pima saa moja usiku, afu pima saa nane usiku. Tofauti ikiwa kubwa, chaji usiku wa manane kwa kutumia ratiba, na peleka malalamiko TANESCO ukiwa na namba zako zimeandikwa, maana "umeme ni mdogo" bila namba wanausikia kila siku.

Sababu ya tatu ni plagi. Plagi zetu za miguu mitatu ya bapa zina fyuzi ndani, toa uipime au weka nyingine ya 13A. Ukishaifungua angalia kama plastiki imebadilika rangi kuwa kahawia karibu na mguu mmoja, hiyo ni dalili ya mguso uliolegea, badilisha plagi pamoja na soketi, sio kimoja. Soketi za bei rahisi haziwezi kubeba ampea 13 masaa sita mfululizo, pasi ya nguo inazima na kuwaka, chaja haipumziki.

Kitu kingine kidogo: fridge guard, kile kiboksi cha kulinda friji umeme ukichezacheza. Wengi wanapitishia chaja humo wakidhani wanailinda, na wazo sio baya, tatizo ni kwamba nyingine ni za ampea 5 tu, na nyingi zinachelewesha umeme dakika kadhaa kabla ya kuachia, mtu anachomeka, anaona kimya, anachomoa, anachomeka, kumbe kila akichomoa anaanza kuhesabu upya.

Hatua ya 4: Ethi, na kwa nini Dodoma inasumbua

Vyombo vingi vipya vinakuja na kile kiboksi katikati ya waya wa kuchajia. Kiboksi kile kabla hakijaachia umeme kinakagua kama kuna ethi ya kweli, yaani ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Isipokuwepo kinawasha taa nyekundu na hakiendi popote. Nyumba kibao zina soketi ya matundu matatu lakini waya wa ethi umeishia ukutani, au chuma cha ethi kimezikwa juujuu. Na udongo wetu ukikauka, kuanzia Juni mpaka Novemba, unakuwa haupitishi vizuri, kwa hiyo ethi iliyokuwa inakubali Februari inaweza kukataa Septemba. Chombo kilekile, chaja ileile, soketi ileile, msimu ndo umebadilika.

Pima hivi, kwa uangalifu: moto na nyutro, upate kama 230. Moto na ethi, upate karibu namba hiyohiyo. Nyutro na ethi, upate volti chache tu. Ukipata moto na ethi ni 90 au 120 au namba inayochezacheza, ethi yako inaelea. Dawa ni fundi mwenye leseni ya EWURA aje apime kwa kifaa chake, aongeze chuma kirefu zaidi au vyuma viwili, na apachague mahali penye unyevu kidogo. Kumwaga ndoo ya maji pale kwenye chuma kunasaidia kujua kama kweli ndo tatizo, ila sio tiba. Na tafadhali msifanye ule ujanja wa kuunga nyutro na ethi ndani ya plagi ili kiboksi kinyamaze. Siku nyutro ya mtaani ikikatika, bodi nzima ya chombo inakuwa na moto na wewe umeshika usukani.

Kama ni breka ya ethi kwenye mein swichi ndo inashuka kila ukichomeka, chomoa vitu vingine vyote vya nyumbani ujaribu chaja peke yake. Ikishuka bado, kuna unyevu au mvujo kwenye waya wa chaja au mdomo wa chombo, hasa kama jana ulivuka korongo lenye maji au kimeoshwa. Kausha siku nzima kivulini, jaribu tena. Ikiendelea kushuka, acha.

Jenereta na sola nazo ziingie hapahapa. Jenereta dogo la 2 kVA haliwezi chaja ya 3 kW, hilo tusibishane. Ila hata kubwa linaweza kukataliwa kwa sababu nyutro yake haijaunganishwa na ethi, kiboksi kinaona hamna ethi. Hapo fundi anaweza kuiunga kihalali kwenye jenereta lenyewe. Kwa sola, inveta ziwe zile zenye wimbi safi, zile za bei chee zinatoa wimbi la ngazingazi na chaja za kisasa zinazikataa au zinaungua polepole. Kama chaja yako inaruhusu kupunguza ampea, ipunguze mpaka 6 au 8 ukiwa kwenye jenereta au sola, utachaji taratibu lakini utachaji.

Hatua ya 5: Chaja

Taa zake zinamaanisha nini iko kwenye kitabu, usikisie, kijani ya kampuni moja ni imejaa na ya nyingine ni iko tayari. Hesabu imewaka-waka mara ngapi kabla ya kupumzika, hiyo namba ndo inataja ni kosa gani. Sikiliza feni. Feni iliyojaa vumbi inafanya chaja ijizime kwa joto baada ya dakika ishirini au thelathini, kila mara muda karibu uleule, na hiyo "inachaji nusu saa afu inaacha" ni dalili nzuri sana ya feni au ya chaja kuwekwa mahali pasipo na hewa.

Sasa mtego: fundi anachomoa waya wa kutoka kwenye chaja, anapima, anapata sifuri, anatangaza chaja imekufa. Chaja nyingi za kisasa hazitoi volti yoyote mpaka zihisi betri upande wa pili. Sifuri pale inaweza kuwa afya njema. Pima ikiwa imeunganishwa: volti za betri kabla, afu dakika tano baada ya kuwasha. Zikipanda, chaja inasukuma.

Na kama muuzaji alikufungia chaja ya nje, muulize imesetiwa aina gani ya betri. Chaja moja inaweza kuwa na mipangilio kadhaa, na iliyosetiwa kwa asidi ikiunganishwa na lithiamu inaweza kuacha mapema au kupandisha kupita kiasi. Kwenye vyombo vipya vilivyounganishwa bandarini au gereji hili linatokea.

Hatua ya 6: Mdomo wa kuchajia

Vumbi jekundu laini, ile poda, inaingia popote. Chomoa kila kitu, mulika tochi ndani, angalia pini kama imerudi nyuma, imepinda, au imekuwa nyeusi. Safisha kwa brashi kavu na blowa ya upepo mdogo, ikibidi spirei ya kusafishia mawasiliano ya umeme na uiache ikauke. Petroli na dizeli hapana, najua ndo sabuni ya gereji zetu. Na vijana wa kaoshi uwaambie wazi: mashine ya presha isielekezwe kwenye mdomo wala chini ya kiti.

Plagi ilie "tak" ikiingia. Isipolia, kuna kokoto au mfuniko umekunjika, na chombo kinahesabu kwamba hujachomeka.

Hatua ya 7: Betri ndogo ya 12V

Ukinisikiliza sehemu moja tu, iwe hii. UTV nyingi za umeme, hasa za lithiamu, zina betri ndogo ya 12V inayoendesha taa, dashibodi, BMS na kontakta. Betri ndogo ikifa, kontakta haifungi, na kontakta isipofunga chaja haiioni betri kuu hata kama betri kuu ina asilimia 70. Chombo kinakuwa kimekufa kabisa kwa sababu ya kibetri ambacho bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na hiyo kubwa.

Na chombo kipya ndo kinaathirika zaidi. Fikiria safari yake: kimekaa kwenye meli, kimekaa bandarini Dar, kimekaa yadi, kimepanda lori mpaka Dodoma, miezi yote hiyo kibetri kinanyonywa kidogokidogo. Ukikipokea unafunga GPS traka na spotilaiti za LED, na fundi anaunga moja kwa moja kwenye 12V bila swichi ya ufunguo. Kwenye vyombo vingi kibetri kile kinachajiwa tu ufunguo ukiwa oni au chombo kikiwa kinachaji, kwa hiyo ukikiacha wiki tatu bandani umekimaliza.

Pima. Kimepumzika kinatakiwa kiwe 12.6 na kuendelea. 12.2 ni nusu. Chini ya 11.8 ni tupu, na chini ya 10.5 mara nyingi kuna seli imekufa, kinunuliwe kingine. Washa ufunguo huku unapima: ikianguka ghafla toka 12.4 hadi 9, ni kibovu hata kama kilionekana kizima.

Njia nzuri ni kukichaji kwa chaja ndogo ya 12V usiku mzima. Kama uko porini na hamna, unaweza kukiamsha kwa jamba kebo toka gari ya 12V kama IST au Noah, injini ya hiyo gari ikiwa imezimwa, chanya kwa chanya, hasi kwenye chuma cha bodi mbali na betri. Subiri kama dakika kumi, washa ufunguo, chomeka chaja kuu, sikiliza kontakta igonge. Usitumie Fuso wala Scania, hizo ni 24V, utaunguza kompyuta zote. Na kama kibetri chenyewe ni cha lithiamu soma kitabu kwanza, vingine vinakataa kuamshwa hivyo.

Baada ya hapo toa traka na spotilaiti upime tena siku ya pili. Kikikaa vizuri, umempata mwizi.

Hatua ya 8: Vitu vidogo na joto

Haraka haraka: swichi kuu ya kukata umeme iko oni? Vingine vinasafirishwa ikiwa ofu, au vikiwa kwenye hali ya usafirishaji ambayo muuzaji anatakiwa aiondoe. Gia iko P au N? Ufunguo uwe ofu au oni wakati wa kuchaji, kitabu kinasemaje? Fyuzi za chini ya kiti ziko nzima? Waya wa chini kuna meno ya panya? Hili la panya sio utani, baada ya mavuno wakijaa stoo wanahamia kwenye chombo.

Joto: betri za lithiamu kwa kawaida zinakubali kuchajiwa kati ya nyuzi 0 na 45. Vitabu vya wenzetu vinajaza kurasa kwa habari ya baridi na theluji, hizo ruka, Dodoma usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 13 hivi na hapo betri inafurahi. Kwetu ni upande wa juu. Hewa ya nje haifiki 45, lakini betri iliyotoka kupanda mlima na mzigo wa mawe, imeegeshwa juani chini ya bati saa tisa mchana, yenyewe inafika. BMS inakata, chaja inaonyesha kosa, ikifika saa mbili usiku inachaji vizuri kama hamna kilichotokea. Kama tatizo lako linakuja mchana na kuondoka usiku, umeshapata jibu. Acha ipoe kivulini saa moja au mbili kabla ya kuchomeka.

Hatua ya 9: Sasa betri

Kwanza iamshe upya: chomoa chaja, ufunguo ofu, swichi kuu ofu, subiri dakika kumi, rudisha kwa mpangilio. BMS iliyoshikwa na kosa dogo huwa inaachia. Asilimia za LFP pia huwa zinapotea hesabu kama kila siku unachaji nusunusu, ijaze mpaka 100 na uiache kwenye chaja masaa kadhaa, uone kama zinakaa sawa.

Betri za asidi: ziache zipumzike masaa kadhaa baada ya kuchaji, pima moja moja. Sita za 72V zikijaa zinatoa jumla ya 76 hivi, kila moja 12.6 hadi 12.8. Tano zikiwa 12.7 na moja 11.2, hiyo moja inavuta zote, na chaja inaweza kukataa kumaliza. Kama ni za kuongezwa maji, maji ya betri tu, yale ya dukani. Maji yetu ya kisima yana chumvi, kila anayechemsha chai Dodoma anajua sufuria inavyobaki nyeupe, chumvi hiyo ikiingia kwenye seli hairudi. Ongeza baada ya kuchaji, sio kabla, isipokuwa kama bamba ziko wazi kabisa. Na chumba kiwe na hewa, zinatoa haidrojeni, jiko la mkaa likae mbali.

Lithiamu: unachoweza kupima ni jumla tu, kama kitabu kinaruhusu. Pakiti ya LFP ya seli 24 ikiwa chini ya kama 60V, BMS imejifunga kwa kuishiwa na chaja nyingi hazitaanza. Kuna mafundi watakwambia wanaiamsha kwa kuipa umeme moja kwa moja wakiruka BMS. Kataa. Seli iliyoshuka sana inaweza kuharibika ndani, na ukiilazimisha inaweza kuwaka siku nyingine kabisa, banda likiwa limefungwa. Hiyo ni kazi ya muuzaji na vifaa vyake.

Hatua ya 10: Kumrudia muuzaji

Chombo ni kipya, una waranti, usiivunje kwa kufungua stika. Ukifika hapa tayari una silaha kuliko wateja wengi. Mtumie kwa maandishi, sio simu tu: namba ya chasisi, picha ya stika ya betri na ya chaja, video ya taa zinavyowaka-waka, volti za soketi bila mzigo na ukiwa na mzigo, vipimo vya ethi, volti za betri ndogo, volti za betri kuu, uniti za LUKU kabla na baada, na saa uliyopima. Akikwambia "labda umeme wa kwako mdogo", unamrudishia namba. Akikwambia ulete chombo Dar, mwombe kwanza atume chaja nyingine ya modeli ileile ujaribu, ni rahisi kusafirisha kwa basi kuliko kukodi lori, na jibu linapatikana usiku mmoja.

Wakati unamsubiri usikiache kimekaa hovyo. Kama betri kuu ina chaji kiasi na ni lithiamu, nusu inatosha kukaa muda mrefu. Ya asidi ikikaa tupu inaharibika, kwa hiyo kama ndo hiyo msukume muuzaji haraka. Chomoa hasi ya betri ndogo kama kitabu kinaruhusu, egesha kivulini, funika mdomo wa kuchajia, na kikae mbali na magunia ya alizeti.